Wakala anataka sahihi kabla ya Jumapili, na mdogo wangu hata haiskuli hajamaliza

Shikamoo Mshauri,

Naomba jina langu lisitoke. Mimi ni Mkongo wa Fizi niliyekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Tangu Machi 2019 tunaishi Iowa: mama, mimi na mdogo wangu wa kiume. Ninafanya kazi zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama. Baba alitutoka tukiwa kambini, hivyo huyu kijana nimemlea mimi. Hata leo hanitaji kwa jina, ananiita yaya, kama sisi tunavyomwita kaka au dada mkubwa.

Novemba iliyopita alitimiza miaka 18. Ana mita 2 na sentimita 6. Kambini alikuwa mtu wa soka. Mpira wa kikapu kaukuta huku, akiwa darasa la 7, na mwaka huu jina lake limevuma jimbo zima. Mwezi wa 5 anamaliza haiskuli, na juu ya meza yetu kuna karatasi mbili.

Ya kwanza ni ya chuo kikuu cha jimbo la jirani: ada, chumba na chakula bure, na juu yake dola 40,000 kwa mwaka kutoka kwenye fungu ambalo vyuo sasa vinawalipa wachezaji. Ya pili imeletwa na wakala. Ni mkataba wa miaka miwili na klabu ya daraja la pili Ulaya, dola 90,000 mwaka wa kwanza, kurasa 11, Kiingereza kitupu. Wakala anasema chuo ni kupoteza muda. Anasema Kuminga wa Goma hakwenda chuo, Biyombo wa Lubumbashi hakwenda chuo, na wote wakaingia NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Ila Hasheem Thabeet wa Dar alikaa chuoni miaka mitatu, na dunia nzima iliona mwisho wake. Anasema mdogo wangu akicheza Ulaya mwaka mmoja tu, kwenye drafti ya 2027, yaani siku ambayo klabu za NBA huchagua wachezaji wapya kwa zamu, anachaguliwa raundi ya kwanza, na kwa kuwa ni Mkongo atahesabiwa mchezaji wa kimataifa. Sahihi anaitaka kabla ya Jumapili.

Sasa kinachoninyima usingizi. Januari niliteleza kwenye barafu nikavunjika mkono, nikakaa wiki saba bila zamu. Kodi ya nyumba ikalala miezi miwili, na gari nalo likafa. Wakala akatupa dola 3,500. Hakuandika popote, alisema "sisi ni familia". Nikapokea. Sasa kila akipiga simu anaanza kwa kuuliza mkono wangu unaendeleaje, na mimi najua ananikumbusha nini.

Mjomba yuko Uvira, ameshatangaza kwamba kijana wetu anaingia NBA. Kanisani wanamwombea kwa jina. Kocha wa haiskuli anasema chuo. Mama hasomi Kiingereza, anasema, "Wewe ndiye umesoma, amua." Juzi nimerudi alfajiri nikamkuta mdogo wangu kakaa kwenye ngazi, mpira kaubana katikati ya miguu, viatu keshavaa. Nikamuuliza, wewe mwenyewe unataka nini? Akasema, "Yaya, mimi naogopa kukaa benchi." Akanyamaza, akatoka kwenda kukimbia.

Naogopa akienda chuo, miaka ikapita na asichaguliwe, nitakuwa nimemnyima dola 90,000 na jina. Naogopa pia akienda Ulaya akapotelea huko. Niambie tu: tuweke sahihi au tusiweke?

Yaya, Iowa

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole ya mkono. Pole pia ya huo mzigo mwingine, maana umeachiwa uamuzi ambao watu wanaolipwa mishahara minono kwa kazi hiyohiyo huukosea kila mwaka.

Nikikuelewa vizuri, una mambo matatu yaliyofungwa kwenye furushi moja. Kuna njia ya mdogo wako, chuo au Ulaya. Kuna deni la dola 3,500. Na kuna macho ya watu, kuanzia Uvira hadi kanisani. Wakala ameyafunga pamoja kwa kamba ya Jumapili. Mimi nitajaribu kuyafungua moja moja. Tuweke sahihi au tusiweke sitasema, kwa sababu kalamu hiyo hata wewe si yako: kijana ana miaka 18, na kisheria anayesaini ni yeye.

Nianze na lile la "mchezaji wa kimataifa", kwa kuwa hapo wakala ama hajui kanuni ama anategemea wewe huijui. Drafti ya NBA haiangalii mtu kazaliwa wapi. Aliyemaliza haiskuli Marekani anahesabiwa kama Mmarekani, awe wa Fizi au wa Chicago. Kwa hiyo kanuni inayomhusu mdogo wako ni ile iliyoanza na drafti ya 2006: awe anatimiza angalau miaka 19 ndani ya mwaka wa drafti, na uwe umepita msimu mmoja wa NBA tangu darasa lake limalize haiskuli. Kwake yeye, mapema kabisa ni Juni 2027. Hapo wakala hakukosea.

Alichokinyamazia ni hiki. Kijana wa aina yake akishasaini na klabu ya kulipwa popote duniani na akaichezea, ukifika mwaka anaoruhusiwa jina lake linaingia kwenye drafti lenyewe. Haombi, wala hawezi kujitoa. Awe amefunga pointi 20 kila mechi au ameshinda msimu mzima na barafu gotini, Juni 2027 ndiyo drafti yake, na drafti ni moja maishani. Mwanafunzi wa chuo ana nafasi nyingine: hujiandikisha, huomba makadirio kutoka kamati ya NBA, huenda kwenye majaribio ya Chicago mwezi wa 5 akialikwa, na akiona upepo si wake hujiondoa kabla ya tarehe ya mwisho ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ambayo huangukia mwishoni mwa Mei, akarudi darasani kusubiri mwaka mwingine. Kwa hiyo ukiweka zile karatasi mbili kwenye mizani, usipime dola peke yake. Pima na nani anabaki na haki ya kuchagua mwaka.

Hiyo haina maana kwamba kutochaguliwa ni kifo. Drafti ina raundi mbili za nafasi 30, na miaka ya karibuni moja au mbili hupotea kwa adhabu za klabu. Wa raundi ya kwanza anapata miaka miwili yenye dhamana, na hata wa 30 anaanzia zaidi ya dola milioni 2 kwa mwaka. Wa raundi ya pili hana dhamana yoyote ya kikanuni. Anaweza kuangukia mkataba wa njia mbili, unaomgawa kati ya NBA na ligi yake ndogo, G League, ambao msimu wa 2025-26 ulilipa kama dola 636,000. Na anaweza kuangukia G League tupu, ambako mshahara wa msimu ni dola elfu arobaini na kitu. Asiyechaguliwa kabisa anakuwa mchezaji huru na anajitafutia klabu yenye upungufu kwenye nafasi yake. Ben Wallace hakuchaguliwa mwaka 1996, na leo jina lake liko kwenye Jumba la Heshima. Fred VanVleet na Alex Caruso hawakuchaguliwa mwaka 2016, na wote wawili wana pete za ubingwa. Lakini waangalie walikotoka: wote watatu walimaliza chuo kwanza. Waliingia usiku ule wakiwa watu wazima wenye mchezo uliokomaa. Kijana wa miaka 19 asiyechaguliwa ana safari nyingine.

Tuje kwenye mifano ya wakala, kwa sababu ni ya kweli na ndiyo maana inauma. Angeweza hata kuongeza Emmanuel Mudiay wa Kinshasa, na angekuambia kwamba Wakongo hao watatu, Biyombo mwaka 2011, Mudiay 2015 na Kuminga 2021, wote walichaguliwa namba 7 bila kucheza chuo. Inapendeza kuisimulia. Ila fungua kila mmoja uone. Biyombo alikuwa Hispania, klabu ya Fuenlabrada, akicheza na wanaume. Hakusoma haiskuli Marekani, hivyo kanuni zake zilikuwa nyingine. Kuminga alipitia Ignite, timu ambayo NBA yenyewe iliiunda kuandaa vijana kwa drafti, na ikafungwa mwaka 2024. Mlango aliopita umeshapigwa misumari. Na hata ulipokuwa wazi, Daishen Nix alitoka kwenye timu hiyohiyo, mwaka huohuo wa Kuminga, na hakuchaguliwa.

Mudiay ndiye wa kumtazama kwa karibu. Familia yake ilikimbia vita kama yenu, akasoma Texas, chuo kikamtaka, na mwaka 2014 akaamua kwenda China, klabu ya Guangdong, kwa mkataba ulioripotiwa kuwa wa dola milioni 1.2, akisema anataka kumwondolea mama yake shida. Kifundo cha mguu kikamweka nje sehemu kubwa ya msimu. Klabu ya Denver ya NBA ikamchukua hata hivyo, kwa kuwa sifa yake tangu haiskuli ilikuwa kubwa mno kufutwa na jeraha moja. Swali la kumuuliza wakala: mdogo wangu akiumia Novemba, ni klabu gani ya NBA ambayo imeshamjua kiasi cha kumsubiri?

Na Thabeet? Hapa naomba tumtendee haki Mtanzania mwenzetu. Aliingia chuo kikuu cha Connecticut akiwa na miaka michache tu ya mpira, na miaka mitatu baadaye alikuwa namba 2 katika drafti ya 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Chuo ndicho kilichompandisha hapo. Kilichofuata kwenye klabu ya Memphis, kukaa benchi na kupelekwa ligi ndogo ndani ya msimu wa kwanza, kilikuwa kizito kwa sababu ya ile namba. Angekuwa wa 25 watu wangesema kijana anajifunza. Kwame Brown alikuwa mchezaji wa kwanza kutoka haiskuli kuchaguliwa namba 1, mwaka 2001. Akacheza NBA misimu 12, na bado anatajwa kama hasara. Korleone Young, aliyeruka chuo mwaka 1998 na kuchaguliwa wa 40, alicheza mechi tatu tu. Njia ya Garnett, Kobe na LeBron, waliotoka haiskuli moja kwa moja wakawa nyota, ilikuwepo kweli, lakini waliipita pia wengine ambao majina yao hayaitwi kwenye mikutano ya mawakala.

Sasa nirudi kwenye ile ngazi, alfajiri. Barua yako imejaa maneno ya wakala, ya kocha, ya mjomba. Ya kijana ni sentensi moja: naogopa kukaa benchi. Hajasema anataka NBA. Hajasema anataka hela. Anataka kucheza, na nadhani hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu benchi lipo kote.

Klabu ya daraja la pili Ulaya inampa mgeni nafasi mojawapo kati ya chache inazoruhusiwa, na mgeni anatakiwa alete pointi Jumamosi hii, si mwaka kesho. Wenzake watakuwa wanaume wa miaka 28 wenye watoto na kodi. Mgeni asiyeleta pointi hukatwa, mara nyingi kabla ya Krismasi, akaletwa mwingine. Chuoni nako kumebadilika: siku hizi makocha huchukua kila masika wachezaji wazoefu wanaohama vyuo, wenye miaka 22 na 23, na kijana wa mwaka wa kwanza anaweza kukaa chini msimu mzima. Kwa hiyo apige simu yeye mwenyewe, si wewe, si wakala. Amuulize kocha wa chuo: nani anacheza nafasi yangu, nani anaondoka, mwaka jana mchezaji wa mwaka wa kwanza alicheza dakika ngapi? Amuulize kocha wa Ulaya vilevile. Kama wakala hataki kumuunganisha na kocha wa klabu, hilo nalo ni jibu.

Kuhusu dola 90,000. Kwenye zile kurasa 11 tafuteni neno linaloonyesha kama ni baada ya kodi au kabla. Nje ya NBA ada ya wakala hufika asilimia 10, na mara nyingi hulipwa na klabu. Yaani dola 9,000 kwa mwaka huo mmoja. Ana haki ya kulipwa kwa kazi yake, ila jua kwamba anayesema chuo ni kupoteza muda hapati ada hiyo kijana akienda chuo. Tafuteni kama nyumba, gari na tiketi za ndege vimeandikwa. Tafuteni kifungu cha vipimo vya daktari, maana mkataba unaweza kufa akifika huko goti likakataliwa. Tafuteni analipwaje akiumia, na klabu inadai kiasi gani NBA ikimtaka kabla ya mwaka wa pili. Na zaidi ya vyote, tafuteni panapotajwa mahakama ya usuluhishi ya mpira wa kikapu, BAT, yenye makao ya kisheria Geneva. Mishahara kuchelewa miezi miwili mitatu ni jambo la kawaida katika madaraja ya chini. Mkataba usiotaja BAT unakuachia kwenda kudai kwenye mahakama ya mji wao, kwa lugha yao. Jina la wakala liangalieni kwenye orodha ya mawakala wenye leseni ya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia. Iko wazi kwa kila mtu.

Kisha kuna jambo ambalo wakala wengi hawalifikirii kwa sababu hawajawahi kuwa wakimbizi. Mdogo wako atasafiri na nini? Kama hana pasipoti ya Marekani, atahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi, inayodumu mwaka mmoja tu na kuombwa miezi kabla, na juu yake viza ya kazi. Msimu wa Ulaya unaanza Agosti hadi Mei. Mwenye grinikadi, kadi ya ukaazi wa kudumu, akikaa nje zaidi ya miezi sita mfululizo anaweza kuharibu hesabu ya muda wake wa kuomba uraia. Lakini mkimbizi huhesabiwa ukaazi tangu siku aliyoingia nchini. Ninyi mliingia Machi 2019, miaka mitano imepita, naye ana miaka 18. Muulizeni mwanasheria wa uhamiaji kama anaweza kuomba uraia sasa hivi. Njia yoyote atakayochagua, ile pasipoti itamfaa. Na grinikadi ina faida nyingine: wenzake wanaokuja kwa viza ya mwanafunzi hukwama kupokea hela za chuo na matangazo, kwa kuwa viza ile inabana kazi. Yeye hakwami hapo.

Chuo nacho kina mitego yake. Hizo dola 40,000 ziko kwenye mkataba au kwenye maneno ya kocha? Ni za mwaka mmoja au zaidi, na kocha akifukuzwa zinabaki? NCAA inataka masomo 16 ya msingi kutoka haiskuli, na madarasa ya Kiingereza cha wageni mara nyingi hayahesabiwi. Vijana wetu wengi hugundua hilo mwezi wa 5, wakiwa wamechelewa. Kesho asubuhi aende kwa mshauri wa shule wahesabu moja moja.

Utasikia pia kwamba siku hizi mtu anaweza kwenda kulipwa kisha akarudi chuoni. Kuna ukweli: mwaka 2025 Thierry Darlan na London Johnson, waliokuwa G League, walipokelewa na vyuo vya Santa Clara na Louisville. Ila kila mmoja huamuliwa kivyake, na kanuni zinabadilika kila miezi michache. Usiijenge nyumba juu yake.

Limebaki deni. Mwanangu, ulipokea ukiwa na mkono kwenye plasta na kodi imelala. Sioni aibu hapo. Ninachokuomba utenganishe ni dola 3,500 na sahihi ya miaka miwili. Ya kwanza ni yako, ya pili ni ya mdogo wako, naye hakukopa. Mwandikie wakala ujumbe mfupi: ulitukopesha kiasi hiki Januari, nitakulipa dola 150 kila mwezi, au kiasi utakachoweza. Tunza nakala. Itakuchukua kama miaka miwili, lakini simu yake haitakuwa na uzito ule tena. Akichagua chuo, mwelezeni mtu wa ofisi ya kanuni pale chuoni kuhusu hela hiyo kabla hajaanza. Fedha ya wakala inaweza kuleta shida ya ruhusa ya kucheza. Inayosemwa mapema mara nyingi huishia kwenye kurudisha thamani yake na kukosa mechi kadhaa, inayofichwa ndiyo humaliza mtu.

Mjomba wa Uvira mwache kwanza. Wewe una simu moja ya kupiga. Mwambie wakala mnahitaji siku 14 ili mwanasheria asome kurasa 11. Jumapili si tarehe ya NBA, wala ya NCAA. Msikilize atakavyojibu, na mdogo wako awe amekaa karibu, simu ikiwa kwenye spika. Kisha niandikie alichosema.